Je, inaruhusiwa kupanda meli ya kitalii na bia zako mwenyewe?

Mwana wa Kibosho (Houston) ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Mwezi wa saba tunatarajia kusafiri kwa meli ya kitalii ya kampuni ya Carnival kutoka bandari ya Galveston, hapa Texas, kwa siku saba, tukipitia Cozumel, Belize na kisiwa cha Roatán nchini Honduras. Tutakuwa watu wazima wanne: mimi na mke wangu, mama mkwe aliyekuja kututembelea kutoka Moshi, na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye anaishi Dallas. Tumechukua vyumba viwili.

Jambo linalonitatiza ni vinywaji. Shemeji amekwisha kununua katoni ya bia za makopo, na juu yake ana chupa sita za bia ya nyumbani alizoletewa na rafiki yake kwa ndege, zile kubwa za nusu lita, na anasema haoni ni kwa nini mtu aliyelipia chumba azuiwe kunywa bia yake ndani ya chumba hicho. Kwetu anayeshangaza watu ni yule anayekwenda mahali kwa wiki nzima mikono mitupu, si yule aliyebeba kreti. Nimesoma masharti mara mbili na nimeona kwamba mvinyo umeruhusiwa kwa kipimo, soda pia, lakini bia imewekwa kundi moja na pombe kali na kukataliwa. Naomba ufafanuzi: kwa nini mvinyo upite na bia izuiwe?

Pili, mama hatumii pombe kabisa. Anakunywa soda ya tangawizi, na maji ya chupa ndiyo anayomezea dawa za presha, kwa maana maji ya bomba hayaamini hata umwapie. Je, tunaweza kumbebea vyake?

La tatu nalisema kwa aibu kidogo. Shemeji amependekeza bia ziwekwe katika sanduku la mama, kwa kuwa, anavyodai, hakuna mlinzi atakayempekua bibi wa miaka 71. Nisaidieni kabla hajafunga mizigo.

Bi Mkubwa wa Orlando amejibu:

Kaka, karibu, na umfikishie mama shikamoo yangu. Nimepanda meli hizi mara kadhaa na watoto, na swali la vinywaji ndilo linalowachanganya watu wengi kuliko yote, kwa sababu kila kampuni ina kipimo chake.

Kwa Carnival, uliyoyasoma ndiyo yenyewe. Kila abiria aliyetimiza miaka 21 anaruhusiwa chupa moja ya mvinyo au shampeni ya mililita 750, ambayo haijafunguliwa, na anapaswa kuibeba mkononi siku ya kupanda, si kuitia katika sanduku analowakabidhi wachukuzi bandarini. Ukiinywea chumbani hulipi kitu, lakini ukiipeleka kwenye ukumbi wa chakula au baa, unatozwa dola 15 za kufunguliwa chupa. Vinywaji visivyo na kilevi vinaruhusiwa hadi makopo au pakiti 12 kwa kila mtu, zisizozidi mililita 355 kila moja, na navyo vibebwe mkononi siku hiyo hiyo ya kwanza. Zingatia neno makopo. Chupa za plastiki na za vioo zenye soda au maji zinazuiwa tangu mwaka 2015, kwa hiyo mama asibebe maji yake ya chupa. Ama umnunulie maji ya makopo au ya pakiti, ama uagize maji ya chupa kwa kampuni yenyewe mapema kupitia tovuti yao, nanyi mtayakuta chumbani. Ninyi wanne mna haki ya makopo 48, na kwa kuwa watatu kati yenu sidhani kama mtahitaji soda za kubeba, mama anaweza kusafiri na tangawizi ya kumtosha wiki nzima na kubakiza za kugawa.

Shemeji naye, kama moyo wake uko kwenye bia, amechagua meli isiyomfaa. Katika kampuni kubwa zinazoondokea Marekani, Disney ndiyo inayojitenga: kila mwenye miaka 21 au zaidi anaweza kuingia na chupa mbili za mvinyo au bia sita, na ruhusa hiyo haiishii siku ya kwanza, bali hurudi katika kila bandari meli inapotia nanga. Hata huko, bia haipaswi kuzidi mililita 355, kwa hiyo zile chupa za nusu lita zingeishia mlangoni vilevile. Royal Caribbean inaruhusu chupa moja ya mvinyo kwa mtu mzima na inakataa bia kama Carnival. Princess nayo inakuachia chupa ya kwanza bila malipo, kisha inatoza kila inayozidi. Norwegian ina utaratibu wa ajabu kidogo: unaweza kuleta mvinyo zaidi ya chupa moja, ila kila chupa inalipiwa ada hata kama utainywea kitandani, na soda za kutoka nje hawazitaki. Nilipoyasoma hayo mara ya kwanza nilicheka, maana ni mahali pa nadra ambapo mlevi anapokewa vizuri kuliko mnywa soda.

Kanuni hizi hurekebishwa mara kwa mara, kwa hiyo wiki moja kabla ya safari fungua tena ukurasa wa kampuni yako.

Baharia Mstaafu (Mombasa) amejibu:

Ndugu wa Kibosho, mimi nilifanya kazi ya baa katika meli za namna hiyo kwa mikataba minne, kila mmoja wa miezi minane au tisa, kama walivyofanya vijana wengi wa hapa pwani, na nitajibu lile swali la kwa nini, ambalo tulikuwa tukiulizwa kila Jumapili ya kupakia abiria.

Mvinyo unahesabika. Chupa ni moja, kizibo kiko mahali pake, mlinzi anaitazama kwa sekunde mbili na kuipitisha. Ukiifungua jioni na mkeo, imekwisha, na kesho yake utarudi kwangu baa. Katoni ya bia ni habari nyingine, kwa sababu bia ndicho kinywaji ambacho abiria hununua akiwa kando ya bwawa la kuogelea tangu saa tano asubuhi, kimoja baada ya kingine, na aliyebeba katoni mbili amejifungulia baa yake. Kampuni haitaki hivyo, na hata sisi wahudumu hatukutaka, maana sehemu kubwa ya kipato chetu ilitokana na asilimia ya huduma inayoongezwa juu ya kila kinywaji.

Ila pesa si sababu pekee. Kila kinywaji nilichouza kiliandikwa kwenye kadi ya chumba cha mteja, kwa hiyo niliweza kujua kwamba bwana huyu amekwisha kunywa sita na kwamba inafaa nimpe maji kwanza. Anayekunywa chumbani kwa siri hana hesabu popote, na siku anapopanda ukingoni mwa roshani usiku wa manane, hakuna mtu aliyejua kwamba alikuwa amelewa. Ongeza pia vioo: chupa ikipasuka karibu na bwawa ambako watu mia tatu wanatembea miguu mitupu, bwawa linafungwa na kumwagwa maji.

Sasa kuhusu sanduku la mama. Shemeji anafikiri ukaguzi ni mlinzi anayefungua zipu na kupekua nguo, na kwamba mlinzi huyo atamwonea haya mtu mzima. Sivyo unavyofanyika. Masanduku yote mliyowapa wachukuzi yanapita katika mashine ya eksirei mmiliki akiwa hayupo, na kwenye kioo cha mashine kimiminika huonekana kama kivuli kizito chenye umbo la chombo chake. Chupa sita zilizolala pamoja zinaonekana kama meno. Sanduku likishukiwa, halipelekwi mlangoni kwenu. Linawekwa katika chumba cha chini karibu na ngazi ya kupandia, ambacho abiria wenyewe wamezoea kukiita chumba cha watundu, na mwenye jina lililo kwenye lebo huitwa aje alifungue mbele ya walinzi. Jina hilo litakuwa la mama mkwe wako. Nimewaona wazee wa heshima zao wamepanga foleni pale pamoja na vijana wenye pasi za umeme na birika za kuchemshia maji, kwa sababu navyo haviruhusiwi kutokana na hatari ya moto.

Dawa ya kusukutulia mdomo iliyojazwa vodka ya rangi ya kijani nayo tuliijua kabla abiria wengi hawajazaliwa, na ile mifuko laini ya plastiki inayouzwa kwenye intaneti kwa ajili ya kufichia pombe haishangazi mtu.

Kuhusu maji, unaweza kumtuliza mama kwa ukweli: maji ya bombani melini mara nyingi yametolewa baharini na kuondolewa chumvi na meli yenyewe, kisha yanatiwa klorini na kupimwa, na meli zinazoingia bandari za Marekani hukaguliwa usafi wake na CDC, shirika la serikali ya Marekani la kudhibiti magonjwa, pamoja na maji hayo. Ladha ndiyo atakayoilalamikia.

Mkwe Mtiifu (Minnesota) amejibu:

Baharia amesema kweli, na mimi ni ushahidi unaotembea. Miaka michache iliyopita tulisafiri na mama mkwe wangu kwa meli ya kampuni ambayo sitaitaja. Mgeni mmoja alikuwa ameniletea kutoka Dar es Salaam chupa ya konyagi, nami nikaiona kama mali, hasa nikikumbuka kwamba tangu viroba vipigwe marufuku nyumbani mwaka 2017 sikuwa nimeionja. Niliikunja katika doti ya kanga za mama, katikati ya sanduku lake, bila kumwambia, nikijipa moyo kwamba nitaitoa sote tukishafika vyumbani.

Saa kumi na mbili jioni masanduku yote yalikuwa yamefika isipokuwa la mama. Saa moja simu ya chumbani kwake ililia, akaambiwa kwa Kiingereza ashuke ghorofa ya kwanza, akadhani pasipoti yake ina kasoro. Nilimsindikiza nikiwa najua kilichopo. Mlinzi alivaa glavu, akamwomba mama afungue sanduku mwenyewe, akaitoa ile doti taratibu, akaikunjua, na konyagi ikasimama mezani mbele ya watu kumi na wawili. Mama aliitazama chupa, akanitazama mimi, kisha akamwambia mlinzi, kwa Kiswahili, kwamba hiyo si yake lakini anamjua mwenyewe. Sikuhitaji kutafsiri.

Waliichukua, wakanipa karatasi ya kupokelea, na nikarudishiwa asubuhi ya mwisho, jambo ambalo lilikuwa hisani, kwa kuwa masharti yao yaliwaruhusu kuimwaga. Tangu siku hiyo mama hunitumia salamu kupitia kwa mke wangu.

Mwana wa Kibosho ameandika:

Nimewasomea wote wawili, mke wangu na shemeji, nikiwa mezani. Shemeji ameliacha sanduku la mama, lakini sasa amehamia kwenye hoja nyingine. Anasema kama bia haipandi, basi anunue kile kifurushi cha vinywaji cha wiki nzima, kwa kuwa ukishakilipia unakunywa bila kuhesabu. Je, kina faida? Na je, anaweza kununua pombe Cozumel na kurudi nayo melini?

Mhasibu wa Katy amejibu:

Jirani, niruhusu nifanye kazi yangu. Kwanza usidhani kwamba kampuni inauza kifurushi kwa huruma. Mwaka 2023 kampuni mama ya Carnival ilipata mapato ya dola bilioni 21.6 hivi, na kati ya hizo takriban bilioni 7.5 hazikutoka kwenye tiketi bali kwenye yale abiria wanayoyalipia wakiwa melini na mengineyo, ambamo vinywaji, kamari na matembezi ya bandarini vimo. Tiketi imeshushwa bei ili upande, nawe ukishapanda unaanza kulipa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme, kwa mfano tu, kifurushi ni dola 70 kwa siku na bia ni dola 8. Vyote viwili huongezewa asilimia ya huduma ileile, kwa hiyo unaweza kuiacha kando na kugawa 70 kwa 8, upate karibu tisa. Maana yake shemeji anapaswa kunywa bia tisa kila siku, zikiwemo siku tatu za bandarini ambazo mtakuwa nje ya meli tangu asubuhi, ndipo arudishe pesa yake tu, bila faida. Akitoka mtupu siku ya Cozumel, bia za kesho yake zinakuwa kumi na nane. Anayekunywa kokteli za bei kubwa pamoja na kahawa na maji ya chupa, ambavyo navyo huingia katika kifurushi, anaweza kunufaika. Mnywa bia mara nyingi hapati kitu. Isitoshe, neno bila kuhesabu si sahihi, kwa sababu Carnival huweka ukomo wa vinywaji 15 vya kilevi kwa saa 24.

Kuna sharti lingine ambalo watu huligundua wakiwa wamechelewa: mtu mzima mmoja akinunua kifurushi hicho, kila mtu mzima katika chumba kile anapaswa kukinunua. Mmesema vyumba ni viwili. Kama shemeji analala chumba kimoja na mama, basi atakuwa amemlipia mama mkwe wako, asiyeonja pombe, bia zipatazo tisa kwa siku, labda awaombe kampuni wamfikirie.

Kuhusu Cozumel, kununua anaweza, kuingia nayo chumbani hawezi. Ngazini kuna mashine ileile. Wataipokea chupa, wataifunga lebo yenye namba ya chumba, na ataipata mwishoni mwa safari. Hata pombe inayouzwa katika duka la melini lisilotozwa ushuru hukabidhiwa mwishoni vivyo hivyo. Akirudi Galveston, forodha ya Marekani humruhusu mwenye miaka 21 lita moja bila ushuru, lakini Texas ina mkono wake wa pili: tume ya vileo ya jimbo, TABC, ina meza yake pale bandarini na inatoza kodi ya jimbo hata kwenye ile lita moja ambayo serikali kuu imeisamehe. Si pesa nyingi, ila foleni yake inaudhi, na wengi huiona kwa mara ya kwanza wakiwa na mizigo mabegani na mtoto analia.

Mimi ningemshauri anywe bia zake Cozumel kwenyewe, ufukweni, zikiwa baridi na kwa bei ya Mexico, kisha melini anunue moja moja.

Mkazi wa Köln amejibu:

Naongeza dogo kwa faida ya watakaosoma baadaye, kwa kuwa si meli zote zinabana hivi. Huku Ulaya, katika meli ndogo za mtoni zinazopita Rhine na Danube, mambo ni mepesi zaidi. Viking, kwa mfano, inawaachia abiria wake walete mvinyo au kinywaji chao bila ada, mtoni na hata baharini, na bia na mvinyo wa mezani hutolewa pamoja na chakula cha mchana na cha jioni bila malipo ya ziada. Bila shaka tiketi yake ni ghali kiasi kwamba hiyo bia umekwisha kuilipia kabla hujaiona, na hawapokei abiria walio chini ya miaka 18, kwa hiyo wenye watoto hawahusiki.

Mwana wa Kibosho ameandika:

Nawashukuru nyote. Tumekubaliana hivi: mimi, mke wangu na shemeji tutabeba chupa tatu za mvinyo, moja kila mtu, na zile bia za nyumbani zitabaki Houston katika friji yangu hadi turudi, kwa masharti kwamba nisiziguse. Kifurushi amekiacha baada ya kusikia habari ya kumlipia mama. Limebaki moja tu. Soda ya tangawizi niliyoipata katika maduka ya hapa ni ya makopo kama mlivyosema, haina kilevi hata chembe, lakini kwenye jina lake limeandikwa lile neno la Kiingereza la bia. Je, mlinzi hatatusumbua?

Bi Mkubwa wa Orlando amejibu:

Kaka, hata mimi niliwahi kusimamishwa kwa ajili ya makopo hayo hayo. Yule dada aligeuza kopo moja, akasoma pembeni panapoonyesha kwamba halina kilevi, akarudisha na kunitakia safari njema. Yaache katika pakiti yake ya dukani ambayo haijafunguliwa, hesabu yasizidi 12 kwa kila mmoja wenu, na umwache mama abebe pakiti moja mwenyewe. Itakuwa ndiyo bia pekee ya familia yenu iliyopita mlangoni siku hiyo.